Sekunde Moja na Nusu, Saa Nne: Mwongozo wa Kupima Vitabu vya Gofu

Gofu ni mchezo wenye nyakati mbili zisizolingana, na yeyote anayetaka kupima ubora wa kitabu kilichoandikwa juu yake hana budi kuanza na tofauti hiyo. Mzunguko wa fimbo, tangu inapoanza kurudishwa nyuma hadi inapoupiga mpira na kumalizia mwendo wake, huchukua takriban sekunde moja na nusu, na katika muda huo uso wa fimbo hugusana na mpira kwa kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde; ilhali raundi ya mashimo 18 huwaweka wachezaji uwanjani kwa saa nne au zaidi. Anayemaliza raundi kwa mapigo 80 huwa amefanya kazi yenyewe ya kupiga kwa jumla ya dakika mbili tu, na muda wote uliosalia hutembea, hungoja zamu yake, hukadiria upepo, hulijutia pigo lililopita na kuliogopa lijalo. Ndiyo maana vitabu vya gofu vimegawanyika tangu zamani katika makundi mawili makuu: vile vinavyojaribu kuifungua sekunde ile moja na nusu, ambavyo ni vitabu vya mafunzo, na vile vinavyojaribu kuzijaza saa zile nne, ambavyo ni taarifa za mashindano, kumbukumbu, insha za viwanja na hadithi za kubuni. Kila kundi lina namna yake ya kufaulu na namna yake ya kumlaghai msomaji, na kipimo kinachofaa upande mmoja hupotosha kikipelekwa upande wa pili.

Maandishi ya mchezo huu yana umri mkubwa. Bunge la Scotland liliupiga gofu marufuku mwaka 1457, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, kwa kuwa uliwatoa vijana kwenye mazoezi ya upinde, na sheria hiyo ilipopigwa chapa mwaka 1566 mchezo ukaingia rasmi katika maandishi yaliyochapishwa. Ndiyo sababu bibliografia kubwa ya Richard Donovan na Joseph Murdoch, yaani orodha ya machapisho ya gofu yenye maelezo ya kila moja, huanzia mwaka huo. Kitabu cha kwanza kilichohusu gofu peke yake ni The Goff cha Thomas Mathison, kilichotoka Edinburgh mwaka 1743, nacho ni shairi refu la mzaha linalowavika wachezaji wa mpira sifa na lugha ya mashujaa wa vita. Msomaji anayeujua Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, ataelewa mara moja raha ya shairi hilo, kwa sababu mzaha wa aina hiyo humfikia tu mtu aliyekwisha kuzoea tenzi za vita zinazoimbwa kwa dhati. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1887, Sir Walter Simpson alitoa The Art of Golf, kitabu kilichotangulia vingine kwa kutumia picha za kamera kuonyesha mapigo, na tangu hapo mvutano kati ya neno na picha umekuwa sehemu ya fani hii.

Mwandishi wa Marekani George Plimpton aliwahi kutoa nadharia kwamba kadiri mpira wa mchezo unavyokuwa mdogo ndivyo fasihi ya mchezo huo inavyokuwa bora. Nadharia hiyo hurudiwa mara nyingi bila kuchunguzwa. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, lakini si udogo huo uliozaa fasihi. Kilichoizaa ni zile saa nne ambazo mchezaji amebaki na nafsi yake, akiupiga mpira uliotulia, bila mpinzani wa kumlaumu kwa kumzuia wala refa wa kumsingizia. Mchezo unaomwacha mtu bila kisingizio humpa mwandishi mali ghafi ambayo michezo yenye kasi haina, na kitabu cha gofu kisichoigusa mali hiyo, hata kiwe na takwimu nyingi namna gani, kimeacha kiini nje ya jalada.

Kwa kuwa vitabu vya mafunzo ndivyo vinavyonunuliwa zaidi, na ndivyo vinavyokosewa zaidi katika kuhukumiwa, vinastahili kutangulia. Kosa la kawaida ni kukipima kitabu cha mafunzo kwa ushindi wa mtu ambaye jina lake limo katika jalada. Bingwa huujua mwendo wa mwili wake kama mtu anavyoijua njia ya kwao gizani, na ujuzi wa namna hiyo si lazima uwe na maneno. Anaweza kufanya jambo moja huku akiamini kwa moyo mweupe kwamba anafanya lingine. Swali la kwanza la mpimaji, basi, haliwi kama mwandishi alishinda, bali kama sentensi zake zinaweza kufuatwa na mwili wa mtu mwingine ambaye hajawahi kuhisi anachoelezwa.

Kitabu kinachofaa kujifunzia upimaji huo ni Five Lessons cha Ben Hogan, kilichotoka mwaka 1957 baada ya kuchapishwa kwa sehemu tano katika jarida la Sports Illustrated. Hogan alikuwa amegongwa na basi akiwa ndani ya gari lake mwezi Februari 1949, akavunjika mifupa mingi, kisha akatwaa ubingwa wa wazi wa Marekani uwanjani Merion mwaka 1950, na historia hiyo ilifanya kila neno lake lipokewe kama wosia. Lakini ukiondoa heshima hiyo kando, kitabu bado kinasimama, na sababu zake zinaweza kutajwa. Ya kwanza ni mpangilio: mshiko wa fimbo una sura nzima kabla mpira haujapigwa hata mara moja, kisha unafuata msimamo na mkao wa mwili, kisha nusu ya kwanza ya mzunguko, kisha nusu ya pili, na sura ya tano hukusanya yaliyotangulia, kiasi kwamba msomaji hawezi kurukia raha ya kupiga bila kupitia uchovu wa kushika. Ya pili ni taswira ya kioo kikubwa kilicholazwa kwa mshazari kutoka kwenye mpira hadi mabegani mwa mchezaji, kichwa kikiwa kimechomoza katika tundu lake, ambacho mikono haipaswi kukivunja inaporudi nyuma. Taswira hiyo imedumu kwa sababu inamwezesha msomaji kujisahihisha akiwa peke yake, bila mwalimu wala kamera.

Ya tatu ni michoro. Mchoraji Anthony Ravielli alikuwa amekwisha kuchora viungo vya mwili wa binadamu kwa ajili ya vitabu vya elimu, na hapa alitumia mbinu ya ukwaruzaji, ambapo karatasi ngumu yenye tabaka jeupe hupakwa wino mweusi, kisha msanii huukwangua wino kwa ncha kali hadi umbo litokee kwa mistari ya mwanga. Matokeo yake ni misuli inayoonekana ikifanya kazi chini ya nguo, jambo ambalo picha ya kamera haiwezi kulifanya, kwa kuwa kamera huonyesha kila kitu kwa usawa ilhali mchoraji huchagua. Mpimaji akikuta toleo la bei nafuu ambalo mistari hiyo imefifia au imevurugika kuwa madoa, ajue kwamba amepewa nusu ya kitabu.

Pamoja na sifa hizo, Five Lessons kina kasoro moja ambayo mjuzi lazima aione, nayo inafundisha kanuni inayofaa kwa vitabu vyote vya kundi hili. Hogan alisumbuliwa kwa miaka mingi na mpira uliopinda kwa nguvu kuelekea kushoto, na mshiko anaoupendekeza, pamoja na mambo mengine mengi, ni dawa aliyoipika kwa ajili ya maradhi yake mwenyewe. Lakini wachezaji wengi wa kawaida wanaotumia mkono wa kulia huugua maradhi ya kinyume, mpira wao ukipinda kwenda kulia, na dawa ile huwazidishia homa. Kila kitabu cha mafunzo kimeandikwa kutoka katika maradhi fulani, na kitabu bora zaidi ni kile kinachoyataja waziwazi ili msomaji apime kama ni yake. Katika hilo Hogan hakufaulu kikamilifu, kwani kanuni zake zimetolewa kama sheria za maumbile kwa watu wote.

Upande wa pili wa mizani yupo Harvey Penick, mwalimu wa Austin huko Texas, aliyeanza kubeba mifuko ya wachezaji akiwa mtoto na akabaki katika klabu hiyohiyo maisha yake yote, akiwafundisha mabingwa kama Tom Kite na Ben Crenshaw sambamba na watu wasioweza kuupandisha mpira hewani. Kwa miongo kadhaa aliandika mambo aliyoyaona katika daftari jekundu alilolificha, na ni uzeeni tu, mwaka 1992, ambapo madondoo hayo yalitolewa kuwa Little Red Book kwa msaada wa mwandishi Bud Shrake. Kitabu hicho hakina nadharia ya mwili wala mpangilio wa hatua. Kina vipande vifupi, vingine vya aya moja, na thamani yake imo katika nidhamu ya kusema jambo moja kisha kunyamaza. Anapotaka kueleza mwendo wa fimbo unapopita chini, Penick hataji kiwiko wala nyonga, bali anamwelekeza mwanafunzi achukue kifaa cha kukatia majani na akate magugu. Yeyote aliyesoma shule ya Afrika Mashariki na kushika fyekeo asubuhi kabla ya gwaride anaujua mwendo huo kwa mikono yake, na hatahitaji sura nzima ya anatomia kuuelewa. Hilo ndilo jaribio gumu kuliko yote kwa taswira ya mafunzo, kwamba ivuke bahari na ifike ikiwa haijavunjika.

Kuna msomaji atakayeuliza ni kipi bora kati ya viwili hivi. Jibu ni kwamba Hogan ni bora kama utunzi na Penick ni bora kama ualimu, na mpimaji anayeshindwa kuvitenganisha vitu hivyo viwili atampendelea daima yule anayelingana na tabia yake. Hata hivyo, kuhusu waigaji wao hukumu ni nyepesi: waigaji wa Hogan huzidisha pembe na mishale, na waigaji wa Penick huandika semi tamu zisizomwelekeza mtu afanye nini kwa mikono yake.

Tawi jingine la mafunzo ni lile linalotegemea vipimo. Mwaka 1968 Alastair Cochran na John Stobbs walitoa Search for the Perfect Swing, matokeo ya utafiti wa kisayansi uliofanywa Uingereza, ambamo mzunguko wa fimbo ulichambuliwa kama mashine ya vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, mfano wa gobo la kupuria nafaka lenye mpini na kipigio. Mwaka 2014 Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alitoa Every Shot Counts, akitumia kumbukumbu za mapigo mengi mno ya wachezaji wa kulipwa kujenga kipimo kinacholinganisha kila pigo na wastani wa mapigo ambayo wachezaji wa kiwango fulani huhitaji kutoka mahali hapohapo. Kwa kipimo hicho alionyesha kwamba takriban theluthi mbili za tofauti ya alama kati ya wachezaji bora na wale wa wastani hutokana na mapigo yaliyopigwa kutoka mbali zaidi ya yadi 100, na hivyo akaitikisa imani ya vizazi vingi kwamba mashindano huamuliwa kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo. Funzo kwa mpimaji ni kwamba kauli iliyorudiwa katika vitabu mia moja haipati uzito kwa kurudiwa. Atafute mwandishi aliyehesabu, na akishampata, aangalie kama alieleza namna alivyohesabu.

Jambo linalopaswa kufuata ni la kalamu ya pili, na hapa ndipo tofauti kati ya mnunuzi na mjuzi hudhihirika. Sehemu kubwa ya vitabu vyenye majina ya mabingwa viliandikwa na watu wawili, bingwa na mwandishi wa habari, na ushirikiano huo si dosari. Dosari ni kuuficha, au kuufanya kwa namna ambayo sauti ya bingwa inapotea katika maneno ya gazetini. Hogan alisaidiwa na Herbert Warren Wind, mmoja wa waandishi bora wa gofu waliowahi kuwapo, na bado kitabu kinasikika kama mtu mkali, mchache wa maneno, asiyevumilia uzembe. Wind alikuwa na ufundi wa kutosha kujiondoa. Bobby Jones alitoa Down the Fairway mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 25, pamoja na O. B. Keeler, mwandishi wa gazeti la Atlanta aliyefuatana naye katika mashindano yake makubwa. Jones mwenyewe alikuwa msomi, akiwa na shahada ya uhandisi kutoka Georgia Tech na ya fasihi ya Kiingereza kutoka Harvard, na anayesoma maandishi yake ya baadaye, kama Golf Is My Game ya mwaka 1960, anaweza kuvilinganisha vitabu hivyo viwili na kuisikia sauti moja ikikua. Njia ya kuitambua kalamu ya pili isiyofaa ni rahisi: bingwa anapoeleza pigo lake kwa sentensi ambayo bingwa mwingine yeyote angeweza kuitia sahihi, mwandishi msaidizi hakumsikiliza.

Baada ya mafunzo huja vitabu vya saa nne, na hapa jina la Bernard Darwin halikwepeki. Mjukuu huyo wa Charles Darwin, aliyezaliwa mwaka 1876 na kusomea sheria, aliiacha kazi ya uwakili akawa mwandishi wa gofu wa gazeti la The Times kuanzia mwaka 1907 hadi 1953, na kwa muda wote huo makala zake zilitoka bila jina, kwa desturi ya gazeti hilo. Alikuwa mchezaji wa ridhaa wa kiwango cha juu, aliyefika mara mbili nusu fainali ya ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, na alipokwenda Marekani mwaka 1922 kuandika habari za shindano la kwanza la Walker Cup, nahodha wa timu ya Uingereza aliugua, Darwin akaingia mahali pake na kushinda mechi yake ya mmoja kwa mmoja. Alikuwa pia mtaalamu wa riwaya za Charles Dickens, na malezi hayo ya fasihi yanaonekana katika jinsi anavyomtambulisha mchezaji: kwa namna anavyovaa kofia, anavyotembea baada ya pigo baya, anavyoshindwa kuondoa macho kwenye mpira uliokwisha kupotea. Sentensi zake ni ndefu lakini hazichoshi, kwa kuwa kila kishazi huleta kitu kinachoonekana.

Wind alikuwa na tatizo jingine na akalitatua kwa namna nyingine. Taarifa zake ndefu katika jarida la The New Yorker zilitoka wiki kadhaa baada ya shindano, wakati kila msomaji alikwisha kumjua mshindi, hivyo hakuweza kuitegemea hamu ya kujua kitakachotokea. Ilimbidi aeleze kwa nini kilitokea. Alirudi nyuma hadi utoto wa mchezaji, akaichora ardhi ya shimo, akafuata mpira mmoja kwa aya nzima, na msomaji anayejua mwisho hujikuta akiungoja upya. Ni Wind pia aliyeipa jina sehemu mashuhuri ya uwanja wa Augusta National, inayozunguka mashimo ya 11, 12 na 13, alipoiita Amen Corner katika makala ya Sports Illustrated ya mwaka 1958, akiliazima jina hilo kutoka katika wimbo wa zamani wa jazi. Kutaja mahali kwa jina litakaloshika ni kipaji adimu, na majina mengi yanayobuniwa na watangazaji hufa kabla ya mwaka kwisha kwa sababu yalitafuta kupendwa badala ya kuitazama ardhi.

Kipimo kimoja cha haraka kinaweza kutumiwa kwa kitabu chochote cha kundi hili: mpimaji afungue ukurasa unaosimulia pigo lililoharibika. Ushindi huwa na maneno tayari ambayo kila lugha imeyaweka akiba, lakini pigo baya halina, na mwandishi hulazimika kuyatafuta. Jones alipocheza kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1921, uwanjani St Andrews, alikwama kwenye banka, yaani shimo la mchanga, la shimo la 11, akashindwa kuizuia hasira yake na kujiondoa mashindanoni. Miaka sita baadaye hakulificha jambo hilo kitabuni, wala hakuligeuza kuwa kisa cha kufurahisha. Kitabu cha kumbukumbu ambacho shujaa wake hukosea tu kwa bahati mbaya, upepo ukiwa umebadilika au mtazamaji akiwa amekohoa, kinaweza kurudishwa rafuni bila hasara.

Kipimo hicho kina mwenzake, nacho ni tahadhari dhidi ya visa vilivyong'arishwa. Kisa cha Joyce Wethered, bingwa mara nne wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza, kinajulikana kila mahali: inasemekana kwamba mwaka 1920, huko Sheringham, alisukuma mpira shimoni huku treni ikipita kwa kishindo, na alipoulizwa kama haikumsumbua akauliza ni treni gani. Kisa hicho kimesimuliwa kwa maneno tofauti na kila mwandishi amekiongezea chumvi yake. Mwandishi mwaminifu hukileta kama masimulizi, kisha humpeleka msomaji kwenye kitabu cha Wethered mwenyewe, Golfing Memories and Methods cha mwaka 1933, ambamo utulivu wa mchezaji huyo unaonekana katika mwendo wa sentensi zake bila kuhitaji treni.

Lipo kundi dogo ambalo halimhusu mchezaji kwanza bali ardhi, na wajuzi wengi hulipenda kuliko yote. Viwanja vya asili vya Scotland viko katika ukanda wa mchanga ulio kati ya bahari na mashamba, ardhi ya vichuguu na nyasi ngumu isiyofaa kulimwa, ambayo mtu aliyetembea kwenye vilima vya mchanga vya Shela kisiwani Lamu anaweza kuikisia ingawa baridi yake hataipata. Darwin aliiandikia ardhi hiyo The Golf Courses of the British Isles mwaka 1910, kwa picha za rangi za Harry Rountree, na toleo lisilo na picha hizo lina haki ya kuuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1920 Alister MacKenzie, daktari aliyeacha udaktari, alitoa Golf Architecture. Katika vita vya Afrika Kusini alikuwa amewatazama wapiganaji wa Kiburu wakijificha kwa kutumia umbo la ardhi, na elimu hiyo ya kuficha ikawa msingi wa namna alivyochimba mabanka yaliyoonekana kana kwamba upepo ndio ulioyachimba. Kitabu chake cha pili, The Spirit of St Andrews, kilibaki bila kuchapishwa alipofariki mwezi Januari 1934, kikatoka mwaka 1995. Maandishi ya MacKenzie ni ya mtu anayegombana, na ugomvi huo ndio unaoyafanya yawe hai: anaeleza kwa nini shimo fulani ni baya, kwa hoja ambayo msomaji anaweza kuipinga akiwa amesimama palepale. Vitabu vingi vya viwanja vinavyotolewa leo, vyenye picha zilizopigwa kutoka angani jua likichwea, havina hoja hata moja.

Kuhusu hadithi za kubuni maneno machache yanatosha. P. G. Wodehouse, katika The Clicking of Cuthbert ya mwaka 1922, alimweka mzee wa klabu asiyecheza tena awe msimulizi, na uamuzi huo mmoja ulitatua tatizo la saa nne, kwa kuwa mzee ana muda na msikilizaji wake hawezi kukimbia. Michael Murphy, katika Golf in the Kingdom ya mwaka 1972, aliugeuza mchezo kuwa njia ya tafakuri ya kiroho. Nusu ya kwanza ya kitabu hicho ni masimulizi yenye nguvu, na nusu ya pili ni ufafanuzi ambao ungefaa kubaki daftarini.

Kipimo kizito zaidi kimeachwa hadi hapa kwa sababu hakionekani katika sentensi yoyote moja. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu wanachama wazungu pekee, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1961. John Shippen, kijana mweusi, alikwisha kushiriki ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1896, lakini msomaji wa vitabu vingi vya historia vilivyoandikwa katikati ya karne ya 20 angeweza kufika ukurasa wa mwisho akiamini kwamba watu weusi walikuwapo uwanjani kubeba mifuko tu. Charlie Sifford, aliyeanza kama mbeba mifuko huko North Carolina na akashinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969, alisimulia maisha yake katika Just Let Me Play mwaka 1992, na daktari Calvin Sinnette akafuatia kwa utafiti wa kina, Forbidden Fairways, mwaka 1998. Kitabu cha Sifford hakina madaha ya Darwin. Kina hasira isiyopambwa na marudio mengi, na mpimaji wa mtindo pekee angekiweka chini. Angekosea. Vitabu hivyo viwili vinabadilisha namna ya kusoma vile vya zamani, kwa sababu baada yake kila maelezo matamu ya utulivu wa klabu fulani hulazimisha swali la nani alizuiwa langoni, na maandishi ya mtu aliyezuiwa hayawezi kudaiwa kuwa na utulivu wa yule aliyekuwa akinywa chai ndani.

Kwa anayetaka kuvijaribu vipimo hivi vyote katika tukio moja, lipo shindano moja lililoandikwa mara nyingi kiasi cha kutosha. Mwezi Septemba 1913, katika uwanja wa The Country Club huko Brookline, Massachusetts, Waingereza wawili maarufu, Harry Vardon na Ted Ray, walilingana kwa mapigo 304 na Francis Ouimet, kijana wa ridhaa wa miaka 20 aliyekulia nyumba inayotazamana na shimo la 17, na ambaye mbeba mifuko wake, Eddie Lowery, alikuwa mtoto wa miaka 10. Siku iliyofuata, chini ya mvua, Ouimet alishinda raundi ya kuamua kwa mapigo 72 dhidi ya 77 ya Vardon na 78 ya Ray. Tukio hilo limo katika kitabu cha kumbukumbu za Ouimet mwenyewe cha mwaka 1932, limo katika The Story of American Golf ya Wind ya mwaka 1948, na limo katika The Greatest Game Ever Played ya Mark Frost ya mwaka 2002, kitabu kinene kilichojaa mazungumzo kwa namna ya riwaya. Vitabu hivyo vikiwekwa mezani pamoja na kufunguliwa mahali ambapo Ouimet anamtangulia Vardon kwa pigo moja wakielekea shimo la 17, ambapo Vardon ataingia kwenye banka na kupata 5 na Ouimet atapata 3, mpimaji ataona nani anaitazama ardhi, nani anawapa watu maneno mdomoni, na nani anaharakisha kuufikia ushindi. Kisha na atafute alichoandika Darwin, ambaye hakuhitaji kumwuliza mtu yeyote nini kilitokea, kwa kuwa siku hiyo alitembea mashimo yote 18 kandokando ya Ouimet akiwa ndiye aliyekabidhiwa kadi yake ya alama, Mwingereza akiandika kwa penseli, kwenye karatasi iliyolowa, tarakimu zilizowashinda wananchi wenzake.